Uzi wa vituko vya dunia: tukio halina shida, shida ni kikao kilichofuata

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa habari za pembeni. Wenzangu wakifungua gazeti wanaanza na siasa au mpira, mimi nashuka mpaka kile kisanduku cha chini kabisa chenye habari ya paka aliyefanywa meya. Nimesoma visanduku hivyo miaka mingi, na nimejitengenezea nadharia yangu ambayo leo nailetea humu muipasue.

Nadharia ni hii: kituko chenyewe huwa kitu cha kawaida tu. Nyangumi kafa ufukweni. Ndege wamevamia ngano. Mama mmoja kaanza kucheza barabarani. Mambo hutokea. Balaa linaanza pale watu wazima wenye vyeo wanapoketi, wanafungua kikao, halafu wanatoka na azimio.

Nianze na nyangumi maana huyo ndiye kipenzi changu.

Novemba 12, 1970, mji wa Florence, jimbo la Oregon, Marekani. Nyangumi wa mita kama 14, uzito tani nane hivi, amekufa ufukweni na harufu imeshaanza kuingia watu kooni. Mzoga ni jukumu la nani? La Idara ya Barabara. Msicheke kwanza. Kule Oregon sheria ya mwaka 1913 ilizifanya fukwe kuwa barabara kuu ya umma, na bado zilikuwa mikononi mwa watu wa barabara. Kwa hiyo nyangumi kwenye makaratasi yao alikuwa sawa na gogo lililolala katikati ya njia.

Sasa mpe mhandisi wa barabara kizuizi njiani uone atafikiria nini. Kumzika waliogopa mawimbi yatamfukua. Kumkatakata hakuna aliyejitokeza, na siwalaumu. Ikabaki baruti. Wakamwekea dainamaiti nusu tani. Hesabu yao ilikuwa kwamba atapasuka vipandevipande, vingi virukie baharini, vitakavyobaki shakwe na kaa wamalizie. Kulikuwa na bwana mmoja pale aliyewahi kufunzwa mambo ya milipuko, akawaambia jamani hiyo ni nyingi mno. Hakusikilizwa.

Klipu ipo mpaka leo, kamera ya televisheni ilikuwepo. Mimi nimeiangalia si chini ya mara ishirini na kila mara nasikiliza zaidi kuliko kutazama. Mchanga unapanda juu kama ghorofa, watu wanashangilia. Sekunde chache za furaha. Halafu kelele zinabadilika, mtu anaonya wenzake, na unaanza kusikia *puh... puh... puh*, vipande vya mafuta ya nyangumi vinashuka kutoka mbinguni. Kipande kimoja kikaangukia gari lililoegeshwa kama mita 400 kutoka pale, paa likabonyea mpaka kwenye viti. Na gari lilikuwa la nani? La yule bwana aliyewaonya.

Hakuna aliyeumia. Shakwe waliokuwa kwenye mpango, mlio ule uliwafukuza. Na nyangumi, sehemu kubwa ya mwili wake, bado alikuwa amelala palepale.

Nitarudi na wengine. Karibuni.

#2

Uzi tayari, ngoja nivute kiti. Mkuu hapo kwenye gari nimecheka mpaka mke wangu kauliza nasoma nini.

#3

Hii chai, tena haina sukari. Serikali gani inamlipua nyangumi?

#4 Mleta uzi

#3 ndugu yangu, si chai. Ule mji mwaka 2020 umefungua bustani ya kupumzikia na kuipa jina la yule nyangumi aliyelipuka. Mtu hawezi kujenga bustani ya kumbukumbu ya chai.

Ngoja nikuongeze moja, maana nimekuona umekuja na ubishi. Ndege walioshinda vita dhidi ya jeshi.

Mwaka 1932, Australia Magharibi, eneo la Campion. Wakulima wengi kule walikuwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wamepewa mashamba walime ngano. Wakavamiwa na emu wapatao elfu ishirini. Kwa asiyemjua emu: ni ndege jamii ya mbuni, haruki, ana miguu mirefu na akikimbia anafikia kilomita 50 kwa saa. Wanakula, wanakanyaga, wanatoboa uzio na sungura wanapitia hapohapo.

Wakulima, kwa kuwa ni wanajeshi wa zamani, hawakuomba dawa wala nyavu. Waliomba bunduki za rashasha. Na waziri wa ulinzi akakubali! Akapelekwa Meja Meredith wa kikosi cha mizinga, na askari wawili, na rashasha mbili aina ya Lewis, na risasi 10,000.

Siku moja wakajificha karibu na bwawa, emu zaidi ya elfu moja wanakuja kunywa maji. Wakawasubiri wasogee. Wakafyatua. Wakaanguka kama kumi na wawili, bunduki ikakwama. Waliobaki wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Wakajaribu kufunga bunduki juu ya lori ili wawakimbize. Lori likarukaruka kwenye mashimo hadi mpigaji akashindwa hata kulenga, na hata hivyo emu walikuwa wanaliacha nyuma. Wiki moja haijaisha, jeshi likarudishwa nyumbani. Wakapelekwa tena mara ya pili, mpaka Desemba.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Mwishoni meja akaripoti: emu 986 wameuawa, risasi 9,860 zimetumika. Piga hesabu taratibu. Risasi kumi kwa kila ndege, haijazidi wala kupungua. Mimi nimewahi kuandika ripoti za kazini, najua kabisa namba zinazokaa vizuri hivyo huwa zinatoka wapi.

#5

Hiyo 986 na 9,860 kaiandika jioni ya siku ya kukabidhi ripoti, tena taa imezimika.

#6

Nacheka kama mazuri. Kwa hiyo emu wakaachiwa nchi?

#7 Mleta uzi

Hapana, wakulima walianza kulipwa zawadi kwa kila emu. Mwaka 1934, ndani ya miezi sita, zilidaiwa zawadi 57,034. Mkulima mwenye bunduki yake na njaa yake aliweza kilichoishinda rashasha.

#8 Mbishi

Mleta uzi, naheshimu kazi yako ila hapo kwenye zawadi usishangilie haraka. Hanoi, Vietnam, mwaka 1902 walijaribu hivyo hivyo na panya.

Wafaransa ndio waliotawala. Wakajenga mifereji ya maji machafu ya kisasa chini ya mtaa wao, wakajisifu nayo. Panya nao wakaisifu: giza, chakula, hakuna nyoka wala paka. Wakazaliana kwa fujo, na tauni ilikuwa inatisha wakati huo. Utawala ukatangaza kwamba kila anayeua panya alete mkia alipwe, maana hakuna ofisi inayotaka kupokea mizoga mizima. Mikia ikaanza kumiminika kwa maelfu. Wakubwa wakafurahi, takwimu zinapanda.

Baadaye maofisa wakaanza kuona panya wanapita mjini hawana mikia. Watu walikuwa wanawakamata, wanakata mkia, wanawaachia wakazae wengine wenye mikia. Na nje ya mji wakagundua kuna waliofuga panya kabisa kwa ajili ya biashara hiyo.

Hapo utamlaumu nani? Mimi simlaumu mfugaji hata kidogo. Walimwambia wananunua mikia, akawauzia mikia.

#9

#8 umemaliza. Mwekezaji mzalendo yule.

#10 Mleta uzi

#8 kaka, umeniletea ushahidi huku ukidhani unanipinga. Nani aliamua kuhesabu mikia? Kikao.

Na cha zamani zaidi nilichonacho ni Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1518, mwezi wa saba. Mwanamke anayetajwa kwa jina la Frau Troffea akatoka nje akaanza kucheza. Hakuna ngoma, hakuna harusi. Akacheza siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Ndani ya wiki wakawa zaidi ya thelathini, na kwa mwezi mzima wanakadiriwa kufika 400. Watu wanacheza hadi miguu inatoka damu na hawawezi kuacha. Wanahistoria wengine wanasema ni msongo wa mawazo wa watu waliochoshwa na njaa na maradhi, hofu ikawaambukiza mmoja baada ya mwingine. Wengine wanasema ni ukungu wa kwenye nafaka.

Hiyo sehemu ni ya kusikitisha na siiti kituko. Kituko ni wakubwa wa mji. Matabibu wakasema damu imechemka, tiba yake ni wacheze mpaka iishe. Basi baraza likafungua kumbi, likajenga jukwaa, likalipa wapiga muziki na wacheza wenye nguvu wa kuwashika wagonjwa wasianguke. Yaani mtu anazama, wewe unamwongezea maji ili azoee! Bila shaka waliokuwa wanatazama nao wakaingia. Baadaye wakapiga marufuku muziki na kuwapeleka wagonjwa kwenye madhabahu ya Mtakatifu Vitus.

#11

Mimi nilikuja kucheka, sasa nimehuzunika. Leteni chepesi kidogo.

#12 Mama wa mtandaoni

#11 mwanangu, chukua hii. Fukwe za Finistère, magharibi ya Ufaransa. Tangu miaka ya 1980 watu wakitembea asubuhi wanakuta simu za mezani za plastiki zenye sura ya yule paka wa katuni, Garfield. Rangi ya chungwa, macho yanafumba na kufumbua, waya umejisokota. Leo mguu, kesho sikio, keshokutwa paka mzima. Zaidi ya miaka thelathini! Wanaosafisha fukwe walishakata tamaa ya kujua zinatoka wapi.

Mwaka 2019 mkulima mmoja wa pale akakumbuka kwamba alipokuwa kijana, baada ya dhoruba kubwa, aliona kontena limekwama ndani ya pango la baharini. Pango lenyewe linafikika maji yakikupwa tu. Wakaenda, wakapenya kwenye miamba, wakakuta mabaki ya kontena na vipande vya simu vimezungukwa na mawe.

Kilichonigusa ni huyo mkulima. Miaka yote hiyo ana jibu kichwani na hakuna aliyemuuliza.

#13 Mleta uzi

Mama shikamoo, na asante. Hii nitaiweka kwenye mkusanyiko wangu. Angalia lakini: miaka thelathini ya vikao vya kujadili chanzo, na jibu lilikuwa kwa jirani.

#14

Mnaongelea simu, mimi nina intaneti. Machi 2011, bibi wa miaka 75 nchini Georgia alikuwa anachimba ardhini kutafuta shaba ya kuuza kama chuma chakavu. Koleo likapita kwenye waya wa nyuzi za mwanga. Nchi jirani ya Armenia, karibu yote, intaneti ikakatika kwa saa kadhaa, maana sehemu kubwa ya mtandao wake ilipitia hapo. Bibi alipoulizwa akasema hata hiyo intaneti haijui ni nini.

Halafu ndani ya ule waya shaba hakuna. Ni kioo.

#15

Bibi alipata hasara kuliko Armenia.

#16 Mbishi

Narudi kumpinga mleta uzi, safari hii kwa hoja. Unasema kikao ndiyo balaa. Vipi kuhusu Sweden?

Sweden ilikuwa inaendesha magari upande wa kushoto, majirani zake Norway na Finland wanaendesha kulia, na magari yenyewe ya Sweden tayari usukani ulikuwa kushoto. Mwaka 1955 wakapiga kura ya maoni, asilimia 83 wakakataa kubadilisha. Bunge mwaka 1963 likaamua mtabadilisha tu. Hapo ukisikia hivyo unasema kinakuja kilio.

Lakini wakajipanga miaka minne. Nembo ya herufi H, ya neno lao la "kulia", ikawekwa kwenye paketi za maziwa na hata kwenye chupi. Alama za barabarani kama 360,000 zikashughulikiwa, kwa sehemu kubwa usiku mmoja. Septemba 3, 1967, saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, kila gari lililokuwa barabarani likasimama, likavuka taratibu kwenda upande wa pili, likasubiri. Ilipofika saa kumi na moja kamili likaondoka. Siku zilizofuata ajali zilipungua, kwa sababu kila dereva alikuwa ameshika usukani kama amebeba mayai. Baada ya miaka kama miwili watu wakazoea na ajali zikarudi kama zamani.

Kikao hicho utasemaje?

#17 Mleta uzi

Hapo nimekwama, nakubali. Lakini nina utetezi: Sweden waliwaambia wahusika wote. Emu hakuna aliyewaambia.

#18

Na hao waliogombea kisiwa kwa chupa je? Kisiwa cha Hans, kati ya Canada na Greenland, mwamba mtupu usiozidi kilomita za mraba 1.3, hakuna mti, hakuna mtu. Canada na Denmark wote wanadai ni chao. Kuanzia 1984 kila upande ukifika unasimika bendera yake na kumwachia mwenzake chupa ya kinywaji. Mkanada anaacha wiski, Mdenmaki anaacha pombe ya kwao. Karibu miaka arobaini ya mgogoro na hakuna hata jiwe lililorushwa. Juni 14, 2022 wakakigawana katikati. Canada na Denmark, kupitia Greenland, wakawa majirani wa mpaka wa ardhini kwa mara ya kwanza.

#19

Ule ndio mgogoro ninaoutaka. Mimi ningeomba usitatuliwe.

#20 Mzee wa pwani

Vijana mmemsahau pweza. Mwaka 2010, Kombe la Dunia, pweza aliyeitwa Paul kwenye hifadhi ya viumbe vya baharini ya Oberhausen, Ujerumani. Wanamteremshia masanduku mawili ya plastiki, kila moja na bendera yake na kome ndani. Sanduku atakalolifungua kwanza ndiyo timu itakayoshinda. Mechi saba za Ujerumani alipatia zote, hata zile mbili walizofungwa, na fainali ya Hispania na Uholanzi akapatia. Nane kwa nane. Ukirusha sarafu mara nane, nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 256.

Aliposema Ujerumani atafungwa na Hispania nusu fainali, na ikawa, Wajerumani wengine wakaanza kutaja namna ya kumpika. Waziri mkuu wa Hispania akatania kwamba atampelekea walinzi. Wahenga walishasema umekuwa pweza, wajipalia makaa. Huyu ndiye pweza wa kwanza niliyemwona akijipalia kwa maana yake kamili.

Alikufa mwezi wa kumi mwaka uleule, kifo cha kawaida cha pweza, maana hawaishi sana.

#21

Mzee shikamoo, hapo kwenye makaa umenimaliza.

#22 Mleta uzi

Naleta ya mwisho kwangu, na hii si ya kucheka. Nimesita kuileta lakini bila hii nadharia yangu inabaki utani.

Boston, Januari 15, 1919. Tangi la chuma la ghorofa kadhaa, limejaa molasi, ile shira nzito nyeusi inayobaki baada ya kutengeneza sukari. Lita zaidi ya milioni nane. Mchana, tangi likapasuka. Tunaambiwa kitu kikienda polepole kinakwenda kama molasi, lakini wimbi lile linakadiriwa lilikwenda kilomita 56 kwa saa. Likabomoa nyumba, likapinda nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa, kama 150 walijeruhiwa, na farasi hawakuhesabika. Kadiri baridi ilivyoingia jioni ndivyo molasi ilivyozidi kuwa nzito, na waokoaji wakawa wanavuta watu kama wanaong'oa mizizi.

Miaka mingi nimeona watu wanaitania habari hii. Mafuriko ya shira, ha ha. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza. Kisha nikasoma juu ya tangi lenyewe. Lilikuwa linavuja tangu lijengwe. Watoto wa mtaa walikuwa wanakuja na vikopo kukinga matone. Wenye tangi waliambiwa. Wakajibu kwa kulipaka rangi ya kahawia, ili michirizi isionekane.

Nimejaribu kukiona hicho kikao. Mtu anasema linavuja, mwingine anauliza rangi gani. Nashindwa kuendelea.

#23

Dah.

#24 Mbishi

Kwa hili la rangi ya kahawia nafuta upinzani wangu. Sweden nabaki nayo.

#25 Mama wa mtandaoni

Hao watoto wa vikopo ndio walikuwa wakaguzi wa kweli wa tangi, kila siku, bila mshahara.

#26

Samahani wakuu nimechelewa, nimesoma uzi wote kuanzia juu. Nina swali moja tu. Yule nyangumi wa Oregon mliyesema sehemu kubwa ilibaki ufukweni, mwishowe walimfanyaje?

#27 Mleta uzi

Walimzika.

#28

Si ndiyo walikataa mwanzoni?

#29 Mleta uzi

Ndiyo. Na mwaka 1979 wakapanda nyangumi wengine 41 kwenye fukwe za palepale Florence. Safari hiyo waliwachoma na kuwafukia, na baruti haikutolewa stoo.